Biblia Yangu Iko kwa Mkopo

Kuna watu huamshwa na jogoo. Wengine huamshwa na adhana. Sisi wa Kapseret tunaamshwa na bidhaa. Usiku wa manane umejikunja kwa blanketi, hii baridi yetu unaijua, mara ndege ya mizigo inapita juu ya mabati mpaka sufuria zinasalimiana jikoni. Uwanja wetu wa ndege ulifunguliwa 1997, tena ni wa kimataifa, usicheze na sisi. Abiria wengi ni wale wa Nairobi wenye mabegi ya magurudumu. Mizigo ndiyo inatoka ng'ambo. Simu, nguo, televisheni, vitu vya Dubai. Inashukia hapa kwetu, nusura ikanyage sukuma wiki yangu. Halafu mingine inapakiwa kwa lori hadi Nairobi. Huko inaongezwa bei. Kisha inarudi kwa barabara ileile, inapangwa dukani Uganda Road, inaongezwa bei tena ya pole kwa safari. Hapo sasa ndipo inakutana na mimi.

Na mimi kuiambia hapana siwezi. Shida iko hapo.

Zamani kulikuwa na nafuu. Eldoret ilikuwa mji tu, tena uliozaliwa kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee wa huku bado wanaita Sisibo. Uliingia mjini na gambuti za matope na hakuna aliyegeuza shingo. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais akatukabidhi hati, tukawa jiji la tano la Kenya. Tulishangilia sana. Mimi nilipiga vigelegele na sauti yangu hii ya kiume. Hakuna aliyetuambia kwamba jiji lina mavazi yake. Sasa ukienda kununua mbolea unaangaliwa viatu kwanza. Kijana wa nduthi, yaani bodaboda, anakuuliza, mzee, hiyo simu yako bado ina vifungo? Anauliza kwa huruma. Huruma ndiyo inauma.

Sasa njoo kwa jirani yangu wa mkono wa kulia.

Jirani alileta televisheni ya inchi 55. Ililetwa na nduthi, dereva mbele, jirani nyuma, kioo katikati kimekumbatiwa vizuri kuliko vile mimi nimewahi kukumbatiwa tangu harusi. Niliitwa kusaidia kushusha. Nikashika upande mmoja. Kabla haijawashwa niliona sura yangu kwenye ule weusi, sura yote, na bado nafasi ilibaki. Nikarudi kwangu nikaangalia yangu. Yangu ni ile ya kisogo kirefu. Picha inakuja ukiipiga kofi upande wa kushoto. Ukiipiga wa kulia inaleta Uganda.

Ningemwomba Mungu jirani awe na maringo. Angeringa, ningemchukia kwa amani nikaendelea na maisha. Hana hata chembe! Ananiita, karibu jirani, mpira unaanza, chai iko. Ananipa kiti cha mbele. Anamwambia mtoto wake apishe. Mimi nimekaa pale, mkate mdomoni, namtafutia kosa na silioni. Siku ya pili akaniletea lile boksi la televisheni. Akasema mama anaweza kulelea vifaranga, ni gumu, halipitishi baridi. Mama watoto alishukuru mpaka akapiga magoti nusu. Kwa hiyo mjue, kwangu vifaranga ndio wanaishi kwa inchi 55.

Nikasema hapana, mimi ni mtu wa kanisa, lazima kuwe na dawa ya hii kitu. Nikaanza na Amri ya Kumi. Niliisoma kama wakili anayetafuta mwanya. Kutoka 20, mstari wa 17. Imetaja nyumba ya jirani. Sawa, nyumba yake siitaki, inavuja. Imetaja mke. Yule mama ananishinda kilo na sauti, abaki huko. Watumishi, ng'ombe, punda. Punda hatuna. Nikaona mambo yangu ni safi, televisheni haimo. Lakini mwishoni kuna kifungu kidogo kinafunga kila mlango, kwamba na kingine chochote cha jirani usikitamani. Chochote! Musa alijua kuna mtu atazaliwa Kakamega, ahamie Kapseret, aanze kuleta ujanja.

Nikajaribu mhubiri wa redioni. Huyo alinipenda haraka. Alisema kutamani si dhambi, dhambi ni kutamani vitu vidogo. Nipande mbegu. Nikatuma mia mbili kwa ile namba. Ujumbe ukarudi hapo hapo kunishukuru na kunikumbusha mbegu ya mwezi ujao. Muujiza wangu bado unatafuta Kapseret kwenye ramani.

Nikapeleka shida yangu kwa kioski. Pale kuna katekista mmoja, Mkatoliki, mtu wa kusoma. Akaniambia baba, tatizo lako limeandikwa kwenye Laudato Si. Mimi nilidhani Laudato Si ni estate mpya nyuma ya Langas, nikauliza vyumba ni pesa ngapi. Kioski chote kilicheka. Kumbe ni barua ya Papa Francis ya 2015, mwaka uleule aliokuja Kenya akafika hata Kangemi. Katekista akasema Papa ameandika kwamba moyo ukiwa mtupu ndipo mtu anahitaji vitu vingi zaidi vya kununua. Watu wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshika chaja mpya. Nilikuwa nimekuja kununua chumvi.

Sasa hiyo chaja ni ya simu, na simu ndiyo ilinimaliza. Nilichukua ile ya kulipa pole pole. Unatoa arubuni kidogo, halafu shilingi hamsini kila siku, usipolipa wanaifunga kutoka hukohuko waliko, hata hawaji. Mimi nilijitetea vizuri kwa mama watoto. Nilimwambia si anasa, ni ya Biblia. Nitaweka Biblia ndani, nitakuwa nasoma Neno popote. Nikanunua na kava iliyoandikwa Wafilipi 4:13 kwa rangi ya dhahabu. Si unajua ule mstari, wa kuyaweza mambo yote? Uko kwa kila matatu ya Kapsabet, uko kwa madigadi ya kila nduthi. Niliuona ukinifaa kabisa kwa mambo ya malipo.

Jumapili pasta akaamka na Luka 12. Yule tajiri aliyevuna mpaka akakosa pa kuweka, akapanga kubomoa maghala ajenge makubwa, na usiku huohuo akaitwa. Hapa kwetu hiyo si hadithi ya kuambia watu hivihivi. Ni Uasin Gishu hii! Watu wamevuna, magunia ya kilo tisini yamefika darini, wanangoja bei ipande. Safu nzima ya kina baba walianza kukohoa. Mimi nilikaa wima. Sina ghala. Nina gorogoro tatu chini ya kitanda. Nikasema leo wanachapwa wengine, nikavuka mguu mmoja juu ya mwingine.

Pasta akasema, sasa fungueni Wafilipi sura ya nne.

Watu wakafungua vitabu, karatasi zikalia shraa. Mimi nikatoa simu kwa madaha, kava mbele. Nikabonyeza. Skrini ikaja nyeupe, mwanga mkali, maandishi makubwa ya kunidai siku tatu. Biblia iko ndani. Wafilipi wako ndani. Paulo mwenyewe yuko ndani, wamefungwa wote kwa sababu ya mia na hamsini. Nikaigeuza haraka. Mtoto wa nyuma akawa ashasoma, shule za siku hizi zinafundisha sana. Akasema kwa sauti, mama, simu ya ankol imefungwa na deni.

Kando yangu alikuwa kogo mmoja, mama mzee wa hapa kijijini, kitambaa kichwani, sweta mbili. Hakusema kitu. Akasogeza Biblia yake katikati yetu. Nikashukuru Mungu. Halafu nikaona ni ya Kikalenjin. Mimi Kinandi changu kinaanza na chamgei na kinaishia hapo hapo. Lakini mwanaume utafanya nini? Nikawa nafuata na kidole. Natikisa kichwa. Nasema mmm. Kogo akaninong'oneza, kijana, hapo ni Waefeso.

Baada ya ibada alinishika mkono nje, akaomba aone ile kava. Akaitoa mbali na macho, akaisoma, akacheka mpaka akakaa kwa benchi.

"Huu mstari umeweka ya nini?"

Nikamwambia, kogo, ni ya kunipa nguvu nimalize kulipa simu.

"Si ulisoma kutoka kumi na moja?"

Mimi huwa nasoma kumi na tatu tu. Kumi na tatu ndiyo wameandika kwa nduthi.

Basi kogo akanieleza, kwa Kiswahili chake cha polepole, na mimi nawaambia vile nilivyosikia. Paulo wakati huo yuko kifungoni. Hajui kama atatoka ama atauawa. Watu wa Filipi wamemchangia, wakamtuma Epafrodito apeleke. Huyo ndiye alikuwa M-Pesa kabla ya 2007, M-Pesa ya miguu, na kwa ile kazi akaugua nusura afe. Kwa hiyo hiyo barua, ukifika mwisho, ni asante ya msaada. Na katikati ya asante mzee anawaambia, nashukuru, lakini msinifikirie nalia shida. Nimejifunza kutosheka na hali yoyote. Kushiba nimeshiba, njaa nimelala. Kuwa nacho najua, kukosa najua. Hapo ndipo anasema mambo yote anayaweza, kwa yule anayemtia nguvu.

Ngoja kwanza. Mambo yote ni hayo? Njaa iko ndani?

"Njaa iko ndani," kogo akasema.

Jamani. Mimi miaka yote hiyo natembea na ule mstari nikidhani naagiza gari. Kumbe nimekuwa nikijiombea kulala njaa kwa ujasiri! Na vile nduthi zote za Kapseret zimeandikwa. Hawa vijana wanajua? Nani atawaambia? Mimi siwezi, wananidai nauli.

Nikajaribu kuteleza. Nikauliza, kogo, hii kujifunza inachukua muda gani? Maana Paulo amesema amejifunza, kwa hivyo kuna kozi. Akaniambia ana miaka sabini na kitu na bado yuko darasani. Nikavunjika moyo. Mimi nilikuwa na wikendi.

Na usidhani kogo ni maskini ndiyo maana anaongea hivyo. Mimi nilidhani. Nilikuwa tayari kumhurumia. Kogo ana ng'ombe wa gredi wanaotoa maziwa kila asubuhi, ana mahindi, amesomesha. Pesa anazo, na hakopeshi, nimeshajaribu. Ila kogo akinunua kitu kipya ujue cha zamani kimekufa na amehudhuria mazishi. Sweta mbili si umaskini, ni baridi. Paulo akimwandikia Timotheo anasema chakula na mavazi vikiwepo yatosha. Nilimuuliza kogo, na bando? Akaniuliza bando ni chakula ama mavazi. Sikuwa na jibu.

Sasa ningeenda nyumbani wakati huo ningekuwa mtu mwema. Nilikuwa naelekea gate kabisa. Lakini ilikuwa Jumapili ya mnada.

Usiyejua mnada wa kanisa, ni hivi. Mwenye hana pesa analeta alicho nacho. Malenge, mkungu wa ndizi, mursik kwa kibuyu, kuku. Ibada ikiisha, mwenyekiti wa kina baba anasimama juu ya kiti ananadi, pesa inaenda kwa ujenzi. Mimi nikasema niangalie tu. Akainua kuku mmoja mwekundu, amefungwa miguu na kitambaa. Kuku mzuri! Amenona, macho yanawaka. Akaanza na mia nne.

Jirani yangu wa inchi 55 akasema mia tano.

Kitu kikanipanda. Nikasema mia sita. Jirani, mia saba. Kogo kutoka kwa benchi, mia nane. Kogo ana kuku hata hajui idadi yao! Nikasema elfu. Watu wakageuka. Unajua raha ya watu mia mbili kukugeukia kwa mazuri, baada ya yale ya simu? Jirani akacheka akasema elfu moja na mia moja. Kogo akaongeza mia, ananiangalia mimi, si kuku. Nikafunga macho nikasema elfu moja mia tano. Kimya. Mwenyekiti akahesabu, moja, mbili, ameuzwa! Makofi, pambio, kina mama wakanizunguka.

Nikaletewa kuku wangu. Nikamwona mama watoto anakuja kutoka upande wa kina mama, haimbi. Akaangalia kuku. Akaniangalia. Akaangalia kuku tena. Akasema kwa sauti ndogo sana, ile ndogo ya hatari:

"Baba, huyu ni kuku wetu. Nimemtoa sadaka mimi asubuhi."

Mama wa wale vifaranga. Wa boksi. Namwona kila siku, namfukuza kwa unga, lakini nyumbani huwa hajafungwa kitambaa.

Na hata hiyo si mbaya. Mbaya ni mweka hazina alipokuja na namba ya kulipia. Nitume. Nitume na nini? Simu imefungwa. Mkononi nina kuku na simu, na yule mmoja mwenye uhai ni kuku. Ile familia ya mtoto anayesoma imesimama hapo hapo, na mtoto amefungua mdomo anataka kutangaza tena. Ndipo jirani akasogea, akatoa simu yake, akatuma elfu moja na mia tano bila maneno. Akanigusa bega. Utanipa ukipata, jirani. Halafu akasema vizuri zaidi, ati nimefanya jambo la maana kwa kanisa.

Nilimtafutia maringo mara ya mwisho. Hakuna.

Mama watoto hakuongea njia nzima. Usiku ndio alianza, na hakuanza na kuku. Alianza na Kipchoge. Akaniuliza, unamjua Eliud Kipchoge? Nani hamjui. Mtu ameshinda dhahabu ya marathoni Rio na Tokyo, amekimbia Vienna 2019 kwa saa moja, dakika hamsini na tisa na sekunde arobaini, jambo ambalo binadamu alikuwa hajafanya. Tajiri wa kupindukia. Sasa, akasema, kambini kwake hapo Kaptagat kuna zamu za kazi, na alikuwa anaosha choo zamu yake ikifika. Akanyamaza. Nikajua hiyo habari inaelekea wapi. Akaongeza Braza Colm O'Connell wa Iten, yule mtawa wa Ireland aliyekuja 1976 kufundisha jiografia pale St Patrick's, alikuja bila ujuzi wowote wa riadha, akamfunza David Rudisha mpaka rekodi ya dunia ya mita mia nane London 2012. Alikuja kwa miezi mitatu, akabaki miaka. Mtawa hana mshahara wa kununulia inchi. Akaniuliza kama nimewahi kusikia Braza amenunua kuku wake mwenyewe mnadani.

Nikamwambia hao ni watu wakubwa, mimi ni mtu wa kawaida. Akanipa brashi. Nimeosha choo. Sijakimbia kasi yoyote mpaka sasa.

Hivi ninavyoongea simu imefunguliwa, nimelipa siku zile tatu, Wafilipi wametoka. Kava nimeigeuza maandishi yakaangalia mfukoni. Ya jirani bado nadaiwa, na kila jioni ananiita mpira, anapisha kiti, hagusii. Kuku amerudi kwa vifaranga wake ndani ya boksi. Ndiye kuku ghali kuliko wote wadi yetu, na hajaongeza hata yai moja.

Mnada uko tena mwisho wa mwezi. Kama unasali na sisi, nakuomba kitu kimoja tu. Ukiona nimeinua mkono, ushushe.